Jibu: Mama ana michubuko na hataki kusema
Habari ndugu, na pole sana. Umesema mama ana michubuko mikononi, pesa zake zinapungua, na hunyamaza anayemtunza akiwepo. Kinachonitisha zaidi ni huo ukimya. Zungumza naye mkiwa wawili tu, bila kumtaja huyo mtu. Muulize, "Kadi yako ya benki anakaa nayo nani?" Baba yangu alifunguka kwa swali la namna hiyo. Michubuko peke yake haithibitishi kitu, maana dawa za kuzuia damu kuganda huileta kirahisi. Mpeleke kwa daktari aikague na kuiandika. Pitieni pamoja taarifa za benki. Usimkabili anayemtunza kabla hujapata mtu mwingine wa kukaa na mama, hasira zisije zikamwishia yeye. Akiwa hatarini sasa, piga simu polisi leo hii.