Barua za usumbufu zinazidi, na oda ya mteja imepotelea humo

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huku Sikonge. Tuna anwani moja ya Gmail, tumeiandika kwenye lebo za chupa za asali na kwenye ukurasa wetu wa Facebook. Kila asubuhi nakuta barua 30 au 40: mikopo isiyo na dhamana, dawa za nguvu za kiume, urithi wa tajiri nisiyemjua. Kila nilipoona neno "jiondoe" nimebonyeza, zikazidi. Juzi ikaja moja imetoka kwenye anwani yetu wenyewe, ikidai fedha. Na mnunuzi wetu wa Dar es Salaam amenuna kwamba sikumjibu. Barua yake ya oda nimeikuta kwenye folda ya Spam, imekaa siku 12. Spam ni nini hasa, na nifanyeje?

Jibu: Dada katibu, pole sana. Kabla sijaeleza lolote, kuanzia leo usibonyeze tena "jiondoe" kwenye barua ya mtu usiyemjua. Kampuni uliyojiandikisha kwake mwenyewe, tuseme inayouza mizinga, itakuondoa kweli. Tapeli hana haja ya kukuondoa popote. Amerusha barua kwa anwani chungu nzima bila kujua ipi iko hai na ipi ilishakufa, na wewe kwa kubonyeza umemjulisha kwamba hii ina mtu, anafungua na anasoma. Anwani iliyothibitishwa hivyo inathaminiwa na wanaouziana orodha, na huenda ndiyo sababu zimezidi. Kumjibu kwa hasira nako ni yale yale.

Spam, au spamu kama wengi tunavyoitamka, ni ujumbe uliomwagwa kwa watu wengi bila wao kuuomba. Shika hayo mawili, wingi na kutoombwa. Si lazima uwe wa uongo. Tangazo la mashine halali kabisa ya kukamua asali, likimwagwa kwa watu elfu kumi ambao hawakuliomba, ni spamu. Lakini mtu mmoja usiyemjua akikuandikia kuuliza bei ya nta, huyo ni mteja, msikilize.

Jina lenyewe ni la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walionyesha kwenye televisheni mgahawa ambao karibu kila chakula chake kina Spam, na watu wanaliimba neno hilo mpaka wengine hawasikilizani. Watumiaji wa mitandao ya kompyuta wakalichukua kuitia jina kero yao. Kero yenyewe ilitangulia jina: tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC aliwatumia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la kompyuta za kampuni yake, akalalamikiwa vikali.

Kwa nini hawachoki? Ukituma barua ya posta kutoka Tabora kwenda Kigoma, stempu unanunua wewe mtumaji. Kwenye barua pepe mzigo umehamia kwa mpokeaji. Anayetuma milioni moja hatumii fedha ya maana, na akinaswa mmoja tu, faida imepatikana. Wewe ndiye unayelipa kwa bando, kwa asubuhi yako, na sasa hata kwa oda. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vikundi kama chenu vinanunua bando kwa fedha ya asali kisha vinalitumia kupakua takataka za watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, ila mtumaji akiwa nchi nyingine, kumfikia ni kazi ngumu. Zile meseji za simu za "ile hela tuma kwenye namba hii" ziripoti TCRA kupitia 15040.

Lebo za chupa hazina kosa. Ninaushuku zaidi ukurasa wenu wa hadharani. Ziko programu zinazopita kurasa za intaneti usiku na mchana zikiokota kila palipo na alama ya @. Nyingine hubahatisha majina, na anwani nyingine huibwa tovuti uliyojisajili inapodukuliwa. Fungueni anwani ya pili ya benki na usajili tu, isiandikwe popote hadharani. Hii ya sasa ibaki ya wateja.

Ile iliyotoka "kwenu wenyewe" isikutoe jasho. Nyuma ya bahasha mtu anaweza kuandika jina lolote la mtumaji, na barua ikafika. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, watumiaji wakiwa wachache na wengi wakiaminiana, hivyo hazikumdai mtumaji uthibitisho. Ukaguzi wa kuhakikisha mtumaji ni wa kweli, unaoitwa SPF, DKIM na DMARC, umeongezwa baadaye, na bado wapo wanaopenya. Angalia folda ya zilizotumwa. Kama barua hiyo haimo, huenda wameghushi jina tu. Hata hivyo mwizi anaweza kufuta alichotuma, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google uone vifaa vilivyoingia. Ukikuta simu msiyoijua, iondoe, badili nywila, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Fedha usitume hata senti.

Sasa huyo mnunuzi. Chujio la Gmail linatazama anwani inayotuma, sifa yake, maandishi yenyewe, na kama watu wengine wameiripoti. Barua ya kwanza kutoka anwani ngeni, ina kiambatisho na kichwa cha herufi kubwa tupu, inaweza kushukiwa bila hatia. Ifungue hukohuko kwenye Spam, uiwekee alama kwamba si taka, kisha hifadhi anwani yake kwenye orodha ya majina yako. Na zile za mikopo na urithi usizifute tu, maana ukifuta chujio halijifunzi kitu. Bonyeza vidoti vitatu uchague kuziripoti. Fanya hivyo kwa wiki mbili tatu mfululizo, uone kama hazitapungua.

Folda ya Spam uipitie angalau mara mbili kwa wiki, hata ukiwa porini kwenye mizinga. Gmail hufuta kilichomo baada ya siku 30, kwa hiyo oda hiyo ilibakiza siku 18. Mnunuzi usimwandikie tena barua pepe kwanza. Mpigie simu leo, mweleze ilikokuwa barua yake, umuulize kama bado anaitaka asali.