Nina elfu hamsini, ninunue koini?

Jumamosi iliyopita nilichukua ubingwa wa eFootball, lile gemu la mpira la kwenye simu, hapa Kihonda, Morogoro, na kikosi changu hakikuwa na kadi hata moja ya mchezaji wa kununua kwa hela. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasambaza kwenye magrupu kwamba nilibahatisha. Sikubahatisha. Jamaa niliyekutana naye fainali alikuwa na magwiji wa zamani Gullit, Vieira na Rummenigge, wote kadi adimu zinazoitwa Epic, na mbele kamsimamisha Messi wa Big Time, kadi nyingine adimu. Kabla hatujaanza aligeuza simu watu waione, akawa anawataja mmoja mmoja huku anapitisha kidole. Halafu akaomba aone kikosi changu. Nikamwonyesha. "Kaka, hii si timu ya GP?" Banda zima likaangua kicheko.

Kwa wageni: GP ni hela ya ndani ya gemu, unaipata kwa kucheza, unasajilia wachezaji wa kawaida. Koini ndizo zinazonunuliwa kwa hela ya mfukoni, na ndizo watu wanazospinia, yaani kubahatisha mchezaji kutoka kwenye boksi la bahati, ili wawapate hao akina Gullit.

Mechi yenyewe ilikuwa mbaya kutazama. Kila alipopata mpira alimtafuta Messi, kila mara, mpaka nikawa najua kidole chake kinaenda wapi kabla hakijafika. Nikamshusha kiungo wangu mkabaji, nikawa namwongoza mwenyewe, simvamii mtu, nafunga tu njia ya pasi. Zaidi ya dakika ya 80 nikapata kona. Nikaipiga mlingoti wa karibu, na beki wangu mmoja ambaye hata shabiki wa timu yake anaweza kulisahau jina lake akaruka juu ya Vieira. Moja bila. Watu walinyamaza, lakini kile kicheko cha mwanzo sijakisahau, na sina mpango wa kukisahau.

Sasa, baada ya picha za fainali kuzunguka, kijana mmoja akanitumia ujumbe. Nauweka kama ulivyo, jina nimeliacha: "Shikamoo kaka. Nimeona ulivyomnyoosha yule. Mimi nimekwama Divisheni ya 4. Nina elfu hamsini ya akiba, ninunue koini nispini sasa hivi au nisubiri boksi la wiki ijayo?"

Hakuuliza kama aspini au asispini. Aliuliza lini. Nikamjibu "usispini", akanuna, akaniambia mabingwa tunaficha siri. Haya, siri yenyewe hii hapa.

Kwanza tuelewane: mimi natoa hela kwenye magemu, na sioni aibu. Match Pass ya eFootball, ile ngazi ya zawadi za msimu unayoipanda kwa kucheza, nanunua msimu ukinivutia. Kwenye gemu la Free Fire nina mavazi ambayo mengine ni ghali kuliko suruali niliyovaa sasa naandika. Siku moja mama aliniuliza nimemnunulia nani nguo kwa simu, nikamwambia ni ya mtu wa ndani ya gemu. Akanyamaza, kisha akauliza kama huyo mtu na chakula ananunuliwa. Lakini baba yangu mdogo, anayeniona mjinga kwa hilo, analipa kiingilio kibanda umiza kila wikendi, Yanga akifungwa anarudi nyumbani hasemi na mtu, na hakuna anayemuuliza hela yake imerudi na nini. Starehe inalipiwa. Ukicheza gemu kila siku mwaka mzima, kutoa kidogo kwa kitu unachokipenda si dhambi.

Tatizo linaanza pale unapolipa bila kujua unanunua nini.

Chukua maboksi ya Epic. Mengi yana wachezaji 150 ndani, na Epic ni watatu. Spini moja koini 100, kumi kwa mkupuo koini 900. Ukibonyeza kumi, skrini inaingia giza, muziki unapanda, mwanga unawaka, na kwa sekunde kadhaa unaamini kabisa. Wachezaji wanatokea mmoja mmoja; unaweza kuwaruka, lakini hakuna anayewaruka. Tunangoja tuone rangi ya kila kadi. Sasa piga hesabu. Kama unamtaka mchezaji mmoja maalumu, tuseme Gullit, spini kumi zinakupa nafasi 10 kati ya 150. Yaani 1 kati ya 15. Ukisema potelea mbali, yeyote kati ya wale watatu nitapokea, bado ni kama 19 kwa 100, kwa hiyo mara nne kati ya tano unaondoka bila hata mmoja wao. Ukitaka ufikie hata nusu kwa nusu ya kumpata Gullit, andaa spini 75. Ukitaka uhakika, maliza boksi zima: koini 13,500. Fungua duka la koini hapo hapo kwenye simu yako, tazama bei ya kifurushi kikubwa, kisha uniambie elfu hamsini yako inafika wapi.

Hesabu hizi si ujuzi wangu. Ziko mule mule ndani ya gemu, kuna sehemu ya kubonyeza zinafunguka. Na haziko pale kwa sababu ya huruma: tangu Desemba 2017 Apple inazilazimisha programu zinazouza maboksi ya namna hii zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kabla mtu hajalipa. China ilikuwa na sheria ya hivyo tangu Mei mwaka huo huo. Tatizo maandishi yale ni madogo, na kitufe cha kuspini ni kikubwa.

Sisi huku tunaijua biashara hii vizuri kuliko tunavyokubali. Mtu anayenunua belo la mitumba bila kulifungua anajua anacheza kamari, ndiyo maana anauliza greda, anauliza limetoka nchi gani, anamuuliza mwenzake aliyenunua juzi. Kijana huyo huyo akishika simu anaspini bila kuuliza lolote. Na wapo wanaowacheka wenzao wanaobeti, mkeka ukichanika wanatuma vikatuni kwenye grupu, halafu usiku wanajifungia kuspini. Ubelgiji hawakuona tofauti kubwa. Mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba maboksi ya aina hii ni kamari, na mwishoni mwa Januari 2019 EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu la FIFA, ikaacha kuuza FIFA Points, hela ya gemu hilo, nchini humo. Wajapani walishtuka mapema zaidi, mwaka 2012, wakapiga marufuku ule mtindo wa kukulazimisha ukusanye seti nzima ya vitu vya bahati ndipo upewe zawadi kubwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: nunua kitu unachokiona. Vazi lipo kwenye picha, bei ipo chini yake, unalipa, unalipata. Match Pass inakuonyesha ngazi yote ya zawadi kabla hujatoa hata shilingi. Hiyo ni biashara. Mwaka 2006 watengenezaji wa gemu la Oblivion waliuza vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50 na dunia nzima ya wacheza gemu ikawacheka. Mpaka leo ni utani. Mimi nawatetea wale wanunuzi. Mtu alitaka farasi wake avae chuma, akalipa, farasi akavaa chuma. Hakuna aliyeambiwa alipe kwanza halafu aombe Mungu.

Na ukishaona kitu, angalia vifurushi vya hela yake. Kwenye gemu la Fortnite kwa miaka ulikuta nguo ya V-Bucks 1,200 (ndiyo hela ya gemu hilo) wakati kifurushi cha kuanzia kilikuwa 1,000. Ulilazimika kununua viwili, ukabaki na 800 ambazo peke yake hazikuinunua nguo nyingine kama hiyo, na zile 800 zikakuwasha mpaka urudi. Si bahati mbaya. Mimi nikiona masalio ya namna hiyo nayaacha yaoze.

Sasa hili linaniuma. Mdogo wangu anacheza gemu la PUBG Mobile. Mwaka jana akapata "wakala" kwenye grupu la WhatsApp anayeuza UC, hela ya gemu hilo, kwa nusu ya bei. Kwenye gemu lenyewe UC 60 ni karibu dola moja. Yule alikuwa anatoa maradufu kwa hela hiyo hiyo. Dogo akajichanga, akanunua nyingi, zikaingia kweli. Alifurahi, akaninunulia na mimi chipsi. Baada ya siku kadhaa akafungua gemu akakuta salio limeandikwa kwa alama ya kutoa mbele. UC hasi. Anadaiwa. Akaunti ikafungwa mpaka alipe.

Kinachofanyika ni hiki: muuzaji ananunua UC dukani, anakuingizia wewe, kisha anarudi kwa duka kudai arudishiwe hela, au kadi aliyotumia ilikuwa ya wizi na mwenye kadi kalalamika. Hela ikirudi, kampuni inazikata UC zile kwako. Kama ulishazitumia, unaingia kwenye deni. Wewe umelipa mara moja, sasa unatakiwa ulipe ya pili, na wakala yuko na hela yako mfukoni. Tulipomtafuta alisoma ujumbe, tiki za bluu zikaonekana, akatu-block. Dogo alikuwa na miaka yake yote ya kucheza kwenye akaunti ile. Nilimlipia deni mimi. Nikimpata yule mtu, mniombee nisiharibu jina langu.

Kwa hiyo hela ya gemu inunuliwe dukani kwenye gemu lenyewe. Bei nusu haipo. Akikwambia ana "njia", njia yenyewe ni wewe.

Hata kampuni kubwa usizione malaika. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite (jina tu limefanana na kadi za Epic), walikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya kushutumiwa kwamba vitufe vyao viliwafanya watu wanunue vitu bila kukusudia, na kwamba waliolalamika benki walifungiwa akaunti. Ona hapo: hata mtu aliyekuwa na haki, akaunti ilifungwa. Kwa hiyo mtoto akishika simu yako akabonyeza, usisubiri wiki. Nenda Google Play ndani ya saa 48, fungua historia ya manunuzi, omba kurudishiwa, eleza kilichotokea kwa sentensi mbili. Na nywila ya manunuzi iweke leo, si baada ya tukio.

Kuna wanaoniambia, "lakini vitu vya gemu ni mali." Wanapenda kumtaja Jon Jacobs, aliyenunua sayari ndogo ya kufikirika kwenye gemu la Entropia Universe mwaka 2005 kwa dola 100,000, akaweka na nyumba rehani, na mwaka 2010 akaiuza vipande vipande kwa dola 635,000. Ni kweli. Lakini Entropia lilijengwa tangu mwanzo hela iweze kutoka. Magemu yetu hela inaingia tu, haitoki. Soma masharti: hicho kitu si chako, umeruhusiwa kukitumia. Gemu la EA hao hao, Apex Legends Mobile, lilitoka Mei 2022, likazimwa tarehe 1 Mei 2023. Hata mwaka halikutimiza. Waliokuwa wamenunua mavazi, mavazi yameenda na gemu, na EA ilisema hairudishi hela. Ukinunua, nunua ukijua hivyo, ufurahie leo.

Mimi ninavyojizuia: nina kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu, na ndiyo pekee niliyoiunganisha na Play Store. Mwanzo wa mwezi naweka humo hela ya gemu, kiasi ambacho kikipotea sitakopa nauli. Ikiisha, imeisha. Ukijaribu kununua usiku wa manane ukiwa na hasira za kufungwa, kadi inakataa, unatukana, unalala. Usiunganishe laini yako ya kila siku, ile yenye hela ya kodi na ya mama. Hasira ya kufungwa ndiyo mteja wao mkubwa. Angalia utaona: tangazo la boksi linajitokeza ukiwa umetoka kupigwa tatu bila.

Sasa kijana wangu wa Divisheni ya 4, uliyeninunia. Epic hatakutoa hapo. Uliyekutana naye Divisheni ya 4 na yeye ana Epic, na yeye amekwama. Unapoteza mpira kwa sababu unakimbia na kitufe cha kasi tangu golini kwako. Umenitumia video mwenyewe, nimeona. Kwenye elfu hamsini yako, toa Match Pass ya msimu huu, hiyo ngazi yake unaiona. Nyingine nunua bando la maana, uache kucheza kwa vifurushi vya saa moja vinavyokukata katikati ya mechi. Ikibaki, tunza. Cheza mwezi mzima na kikosi cha GP, jifunze kukaba bila kuvamia, kisha nitumie video nyingine nikuambie unakosea wapi.

Na wale mnaoniuliza akaunti yangu ni bei gani tangu Jumamosi: haiuzwi. Masharti ya gemu hayaruhusu, anayeuza anaweza kuirudisha kwa barua pepe yake ya mwanzo siku yoyote, na kikosi chenyewe ni cha GP. Mtajisajilia bure.