"Hesabu Siziwezi", na Barua Nyingine

Barua za wiki hii zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: je, kuna watu walioumbiwa hesabu na wengine wakanyimwa? Nimechagua tano. Majina ya walioniandikia nayahifadhi.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la tano anasema hesabu haziwezi. Mimi na baba yake tulikuwa hivyohivyo. Si ni ya kurithi? (Mama, Morogoro)

Marahaba mama. Kwanza, ile kauli ya "hata mimi nilikuwa hivyo" nakuomba uikomeshe mbele yake. Unamwambia kwa kumhurumia, lakini yeye anasikia hukumu. Na kama hesabu zingekuwa za kurithi, basi nchi nzima tungekuwa ukoo mmoja, maana kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, kati ya watahiniwa wanne wa somo hili aliyefaulu ni kama mmoja tu.

Pili, mwombe akuonyeshe daftari. Nabashiri utakutana na kitu kama 1/2 + 1/3 = 2/5, na kosa kubwa jekundu pembeni. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usimwambie amekosea, hilo wino mwekundu umeshalisema. Chukua chapati. Mpe nusu. Mwongezee theluthi ya chapati nyingine. Kisha kata chapati ya tatu vipande vitano vilivyo sawa, weka viwili kwenye sahani. Muulize: "Ulikuwa na nusu, nikakuongezea. Mbona hivi viwili ni vidogo kuliko hata nusu uliyoanza nayo?" Halafu nyamaza. Mwache ahangaike na swali hilo, hata chai ikipoa. Akiona kwa macho yake kwamba jibu lile haliwezekani, ndipo habari ya kutafuta asili moja, yaani 6, itamwingia. Maneno "kiasi" na "asili" nina hakika anayajua kwa kuyakariri. Ambacho hajawahi kukiona ni kwamba nusu na theluthi si vipande vya ukubwa mmoja.

Shikamoo Mwalimu. Darasa la saba nilipata A ya Hisabati. Sasa niko kidato cha pili, mtihani wa muhula nimepata 18. Akili imekwenda wapi? (Mwanafunzi, Tabora)

Marahaba. Akili ipo palepale, kijana wangu. Kilichohama ni lugha. Shule ya msingi ulisoma hesabu kwa Kiswahili, sekondari hata swali lenyewe limevaa Kiingereza. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeacha wazi kila swali lenye neno "product". Nilipomuuliza, akanijibu, "Mwalimu, si ni bidhaa? Sasa bidhaa ya 7 na 8 ni nini?" Nikamwambia hapo ni kuzidisha tu. Akasema 56 kabla sijafunga mdomo. Alikuwa anafelishwa na Kiingereza, na mimi muhula mzima nilikuwa namwandikia sifuri za hesabu.

Chukua ile karatasi yako ya 18. Kila swali ulilokosa liweke kwenye fungu moja kati ya matatu: sikuelewa swali, nilielewa ila njia sikuijua, njia niliijua nikateleza. Fungu la kwanza linataka kamusi na daftari dogo la msamiati wa hesabu. La pili linataka urudi nyuma mpaka pale uzi ulipokatikia, hata kama ni kitabu cha darasa la sita cha mdogo wako. La tatu linataka kurudia swali zima bila kuchungulia majibu. Kisha tazama zile alama 18 ulizipatia maswali gani. Hapo ndipo unaposimama sasa, na si padogo.

Mwalimu, mwanangu namwita "kichwa" kila akifaulu. Rafiki yangu anasema namharibu. Kweli? (Baba, Kahama)

Rafiki yako hajakosea sana. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa kuwa na akili walielekea kuchagua kazi rahisi baadaye, na walipokutana na ngumu walivunjika moyo haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Mtoto aliyeitwa kichwa ana cheo cha kulinda. Sifu kile alichofanya: "Naona njia ya kwanza ilikugomea ukajaribu nyingine." Ila usisifu jasho tupu pia. Aliyekariri usiku kucha bila kuelewa hahitaji pongezi, anahitaji mtu wa kumwelekeza.

Mwalimu mwenzangu, darasani nina watoto 90. Habari hizi za "mtazamo wa akili kukua", yaani imani kwamba akili hukua kwa kujifunza, si semina tu za watu wa mbali? (Mwalimu wa darasa la sita, Lindi)

Kuwa na shaka ni haki yako. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wa wanafunzi wapatao 12,000 wa Marekani, uliwapa somo fupi kuhusu jambo hili, lisilozidi saa moja. Waliokuwa nyuma kimasomo wastani wao ulipanda kwa 0.1 hivi, kwenye mfumo ambao A ni pointi 4. Ni faida, lakini ndogo. Bango la "Unaweza!" ukutani halifundishi mtu kugawanya.

Ninachokijua mimi ni hiki. Siku moja niliandika ubaoni 10 − 4 + 3. Zaidi ya nusu ya darasa walipata 3. Zamani ningewachapa, na niseme ukweli, niliwahi kuchapa kwa makosa ya aina hiyo. Safari hii niliandika 3 ubaoni bila jina la mtu, nikauliza, "Aliyepata hili aliwaza nini?" Mkono ukanyooka: "MAGAZIJUTO, Mwalimu: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Jumlisha inatangulia Toa, kwa hiyo 4 na 3 ni 7, 10 toa 7." Nikawaambia: una mandazi 10, unakula 4, bibi anakuongezea 3. Kimya. Kisha mmoja nyuma kabisa akauliza, "Kwa hiyo MAGAZIJUTO ni mwongo?" Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na huenda kwa mpangilio kutoka kushoto. Ilichukua dakika kumi, kwa darasa la watoto 84. Kosa moja kwa kipindi, lisilo na mwenyewe, linatosha.

Mimi ni mama lishe, miaka 36. Mwaka 2006 nilipata F ya Hisabati. Nikirudia mtihani nitachekwa? (Temeke)

Watakaocheka watakuja kula kwako mchana. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, na uanze na asilimia, faida na hasara, kwa sababu huko unaishi kila siku. Zoezi la kwanza: mchele ukipanda kutoka shilingi 2,800 hadi 3,150 kwa kilo, umepanda kwa asilimia ngapi? Niandikie jibu pamoja na njia uliyopita. Ukikwama, niandikie ulipokwamia.