Kijana amebadilika tangu wazazi watengane: yaliyonikuta mimi Kirumba, Mwanza

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa miaka 15, kwamba tangu baba yake ahamie Geita amekuwa mkali, halali usiku na shule anatoroka: nimesoma swali lako mara mbili, maana hiyo ni nyumba yangu kabisa ya mwaka 2016.

Tulipotengana wa kwangu alikuwa kidato cha pili. Baba yake akahamia Sengerema. Nilisubiri mtoto alie, hakulia. Likaanza tumbo, kila Jumatatu tumbo. Nikampeleka kupima, hakuna minyoo, hakuna vidonda. Kisha zikaja hasira, anampiga mdogo wake kisa kijiko. Nikamchapa. Nilimchapa sana, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kijana wa umri ule akiwa na huzuni mara nyingi utaona ukali tu, na mimi nikadhani ni kiburi.

Siku moja jirani anayeuza dagaa pale mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, akanipigia: mwanao yuko huku anabeba viroba. Saa nne asubuhi, siku ya shule! Nilimkuta sare ameifunga kwenye mfuko wa rambo, magamba ya dagaa mpaka kwenye nyusi. Sikuwa na nguvu ya kufoka. Tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Akaniambia anatafuta hela ajilipie michango mwenyewe, asitumwe tena kwa baba yake.

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nampandisha kivuko cha Kamanga na maneno yangu: kamwambie baba yako hivi. Kule naye anajazwa: kamwambie mama yako vile. Mtoto anavuka ziwa amebeba matusi yetu.

Kwa hiyo dada, anzia hapo. Kutengana kulimuuma, lakini kilichommaliza ni ugomvi uliopitia mdomoni mwake. Tangu wiki ile mambo ya hela tukawa tunaongea wenyewe, tukishindwana anaingia shemeji. Tulimkalisha wote wawili, baba yake akamwambia si yeye aliyesababisha. Ndipo akalia. Haikuisha siku hiyo. Mtihani wa kidato cha pili alifeli, akarudia, na mwalimu wa malezi alinisaidia mno kumfuatilia.

Kama baba hatoi matunzo, nenda wewe ustawi wa jamii, usimtume mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutunzwa na ya kumwona mzazi asiyeishi naye. Na akitamka habari za kufa, usimwambie anadeka. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana idara ya afya ya akili. Simu ya mtoto 116 ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Leo akirudi usianze na habari ya shule. Mpe chakula, kaa naye, muulize taratibu huwa anaambiwa nini akiongea na baba yake. Akikujibu, au akikataa, rudi uniambie. Nipo.