Roboti ikizimika katikati ya mechi, msikimbilie kudai marudio

Wadogo zangu wa Lubumbashi, tunawapenda, lakini jambo hili limezidi. Roboti inasimama katikati ya kiwanja, dereva anainua mikono, mtu nyuma yake anapiga kelele "Wi-Fi! Wi-Fi!", na kabla muda haujaisha mmoja wenu yuko njiani kwenda kudai mechi irudiwe. Mwingine kishazima swichi, kang'oa betri na anaibeba roboti mbio hadi mezani. Ushahidi umekwenda. Na mara nyingi ushahidi huo ungeonyesha kwamba tatizo ni waya wa betri.

Kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano haya ya roboti za wanafunzi, mnazo. Mechi hurudiwa pale kifaa cha kiwanja kisicho cha timu kinapoharibika, au mwingiliano wa Wi-Fi unapothibitishwa, na jambo hilo liwe linaelekea kuwa limebadilisha mshindi. Betri dhaifu, programu iliyoganda, waya uliochomoka, simu iliyolala: hayo ni ya timu. Mwamuzi mkuu akiwakatalia, hawaonei.

1. Tazama kabla ya kugusa. Mtu mmoja asiye dereva apewe kazi hiyo tu: aandike roboti ilisimama dakika na sekunde gani, ilikuwa inafanya nini, na iliamka baada ya muda gani. Muda wa kuamka unasema mengi. Control Hub, yaani kompyuta inayoendesha roboti, ikikosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua, Android iliyomo ndani inaanza upya, na mtasubiri nusu dakika hivi. Mechi ina dakika 2 na nusu tu, kwa hiyo hasara ni kubwa. Kama Hub haikuzimika ila mawasiliano yamekatika, taa yake hupepesa buluu. Ikipepesa rangi ya machungwa, volti zimeshuka chini ya 7. Taa ikiwa ya kijani na mimweko michache ya buluu, Hub ni nzima. Tafuteni kosa kwenye programu au mota. Magurudumu yanayoendeshwa na Expansion Hub (Hub ya pili, ya kuongeza mota) peke yake yakifa huku mengine yanazunguka, kagueni kebo ya mawasiliano ya RS-485 na waya wa umeme kati ya Hub hizo mbili. Wi-Fi haina habari na hilo. Kisha pakueni mapema faili ya log, ile kumbukumbu ya yaliyotokea ndani ya Hub, siyo jioni.

2. Betri, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mnapopoteza mechi.

Mnapima betri kwa multimeta ikiwa imelala mezani, inasoma volti 12.9, mnasema imejaa. Kipimo hicho hakitoshi. Betri ya NiMH ya 3000 mAh iliyochoka inaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa haifanyi kazi, kisha ikaporomoka mara mota zinapoivuta. Piga hesabu: mota moja ya HD Hex ikikwama inavuta karibu ampea 8.5. Nne zikikwama pamoja, mnaposukumana na roboti ya wapinzani, ni ampea 34, na fyuzi ya betri ni ya 20. Fyuzi haikatiki papo hapo, ila volti zinashuka, Hub inazimika, na ninyi mnasema kiwanja kina kasoro.

Basi pimeni ikiwa na mzigo. Roboti isukume ukuta kwa sekunde 2 au 3, mmoja wenu asome volti kwenye Driver Station, yaani kifaa cha dereva. Betri nzima inashuka kiasi na kurudi upesi. Ile inayozama, itengeni kwa mazoezi. Zipeni betri zote namba na muandike kila moja ilichezea mechi gani. Chaja ikiwa kwenye ampea 1.8, betri tupu inahitaji karibu saa 2. SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme katikati ya usiku, msidhani asubuhi zimejaa kwa sababu tu zimelala kwenye chaja. Zipimeni upya.

Baada ya betri, kiunganishi cha umeme cha XT30. Pini zake zina ufa katikati, na kwa kuchomekwa na kuchomolewa hubanana mpaka zinashika kwa bahati. Zinapita kwenye ukaguzi, kisha roboti inagonga ukuta na umeme unakatika sekunde moja. Betri ikiwa imetolewa, ingizeni ncha ya wembe kwenye ufa na mpanue kidogo sana. Kiunganishi kilichoyeyuka au kubadilika rangi ni cha kutupa. Msichomoe kwa kuvuta waya. Shikeni plastiki yenyewe. Mwishowe washeni roboti, mtikise kila waya mmoja mmoja, na swichi kuu muigonge kwa kidole. Ikizimika mezani, mshukuru.

Fyuzi ni ile bapa kama ya gari, na wauza vipuri vya magari wanazo. Wekeni ya 20 peke yake, hata mtu akiwapa ya 30 bure.

3. Umeme tuli. Mwezi wa 6 na wa 7 hewa yetu ni kavu, na magurudumu yakisugua vigae vya povu roboti inajaa chaji. Inagusa chuma, Hub inaganda au kamera ya USB inapotea. Fungeni Hub juu ya mbao au plastiki, fupisheni waya, na fremu iunganishwe kwa waya maalumu wa kutulizia chaji wenye ukinzani, kamwe si moja kwa moja kwenye hasi ya betri.

4. Driver Station: hali ya ndege iwashwe, Wi-Fi iwashwe, Bluetooth izimwe, mitandao mingine ifutwe. Padi ya kuendeshea ikichomoka, dereva wa kwanza abonyeze tena Start na A, wa pili Start na B.

5. Vitu vya kiwanja vikaguliwe kabla ya mechi kuanza. Mkiona kitu kimewekwa vibaya, semeni hapo hapo, msikingoje kiwaponze.

6. Kama mna hoja ya kweli, aende mwanafunzi mmoja. Kocha na mzazi wabaki. Muda wa kudai una mwisho, na kwenye mechi za mtoano ni kabla ya mechi inayofuata. Video ya simu haitatazamwa. Aseme namba ya mechi, sekunde, kifaa gani kilishindwa na nani wa kiwanja alikiona, bila kuwataja wapinzani kwa ubaya. Na muungano wenu mzima, yaani ninyi na timu mnayocheza nayo upande mmoja, ujue mapema: mechi ikirudiwa, pointi zote za mwanzo zinafutwa, hata zile ambazo wenzenu walizitolea jasho. Halafu mtahitaji betri iliyojaa pale pale. Tengeni moja kwa ajili hiyo, ifungeni utepe mwekundu, na asiiguse mtu kwa mazoezi.