Klachi ya Porsche 944: nunua vipuri vyote kabla hujafungua

Ukipeleka Porsche 944 gereji kubadilisha klachi, sehemu kubwa ya bili ni ufundi, si vipuri. Gari hili lina injini mbele na giaboksi nyuma, kwenye ekseli, ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu. Kati ya injini na giaboksi kuna bomba refu la chuma lenye shafti ndani. Klachi yenyewe imebaki mbele, mgongoni mwa injini. Ili uifikie unatoa eksozi, unafungua shafti za magurudumu ya nyuma, unashusha giaboksi, unasogeza lile bomba nyuma, ndipo unafungua nyumba ya klachi, yaani kasha linaloifunika. Aliyezoea kushusha giaboksi ya Corolla kati ya asubuhi na jioni, hapa ajipange upya.

Mimi naishi Uingereza, gari langu ni la 1986, na kazi hii nimeifanya mwenyewe nyumbani. Naipendekeza kwa moyo wote kwa mtu mwenye subira, sehemu ngumu ya sakafu na stendi nne imara. Ila nasisitiza jambo moja: kwa kuwa njia ya kufika pale ni ndefu hivi, usiifungue kwa ajili ya diski, ile sahani ya klachi inayosuguliwa, peke yake.

Kwanza hakikisha tatizo ni klachi kweli. Pedali ikizama au gia zikiingia kwa kukwaruza, angalia silinda kuu na ile silinda ndogo ya chini, zinazoendesha klachi kwa oili ya breki, kabla ya kuilaumu diski. Zote mbili huvuja kwa uzee, na kuzibadilisha hakuhitaji kushusha giaboksi. Kama klachi inateleza, utaijua barabarani: uko gia ya nne, mwendo mdogo, unakanyaga mafuta, injini inapanda sauti na gari haliongezi kasi.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao ni wa gari hili hasa. Diski ya kiwandani ina kitovu kilichozungukwa na mpira badala ya springi, ili kuzima kelele za giaboksi injini ikinguruma polepole gari limesimama. Mpira huo huzeeka. Unaweza kuwa na diski yenye unene wa kutosha kabisa, halafu siku moja unaweka gia, unaachia pedali, na gari halisogei. Nilipofungua nyumba ya klachi, vipande vyeusi vya mpira vilinimwagikia kifuani, vikavu, vinavunjika ukivifinya kwa kucha, na nilipoishika diski mkononi kitovu kilizunguka chenyewe bila diski kufuata. Vipande hivyo vikinasa pabaya, klachi hukataa kuachia hata ukikanyaga pedali hadi mwisho. Nunua diski yenye springi. Utasikia mlio kidogo zaidi gari likiwa halina gia, na mimi nauona huo ni bei ndogo mno ya kulipa.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kazi uwe na haya mezani: diski, presha pleti (inayoibana diski), rilizi beringi (inayoiachia klachi ukikanyaga pedali), beringi ndogo inayopokea ncha ya shafti, sili ya oili ya nyuma ya injini, beringi za sindano za shafti ya uma (mkono unaoivuta rilizi beringi), na bolti mpya za flaiwili, lile gurudumu zito la mgongoni mwa injini. Sikiliza pia lile bomba la katikati. Kama kuna mngurumo unaopotea ukikanyaga klachi, inawezekana beringi za ndani ya bomba zimechoka, na hakuna wakati mwafaka wa kulishughulikia kuliko likiwa limeshalegezwa.

Huku kwenye mvua na chumvi ya barabarani, bolti za eksozi ndizo zitakazokula muda wako. Zipulizie dawa ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla. Giaboksi usijaribu kuipokea kwa mikono. Ifunge kwa mkanda juu ya jeki. Kiungo kinachoishika shafti kinafikiwa kupitia tundu lenye kizibo cha mpira, nawe unaizungusha shafti mpaka bolti ijitokeze.

Sehemu inayohitaji mkono mwepesi kuliko zote ni zile sensa mbili juu ya nyumba ya klachi. Moja inahesabu meno ya flaiwili, nyingine inasoma pini iliyopachikwa humo, na kompyuta ya injini inategemea zote mbili. Plagi zake zimepikwa na joto kwa miaka mingi, kwa hiyo zishike taratibu na uziwekee alama ipi ni ipi. Ukirudisha, pengo kati ya sensa na flaiwili ni milimita 0.8. Pini ikikatika, injini haiwaki.

Uma wa klachi hii huvuta badala ya kusukuma, na shafti yake lazima itoke. Toa bolti inayoifunga, kisha ingiza bolti nyingine kwenye tundu lenye nyuzi kichwani mwake uivute. Wakati wa kurudisha, paka grisi.

Vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa upepo, kwa sababu diski za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

Flaiwili ya 944 ni chuma kizima, kwa hiyo inapigwa msasa wa mashine bila shida. Iwekee alama ya rangi kabla ya kuitoa. Madoa ya buluu ya joto yanaondoka kwa kusaga kidogo, lakini ukiona nyufa zinazoshika ukucha, tafuta nyingine. Ikirudi, osha uso wake mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bolti zake mpya kaza kwa msalaba hadi Nm 90 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na za presha pleti Nm 25. Diski iweke katikati kwa kijiti cha plastiki cha kuilengea, la sivyo utahangaika na shafti jioni nzima.

Mwisho ni kutoa hewa kwenye oili ya klachi, na hapa wengi hukata tamaa kwa sababu hewa hujificha ndani ya silinda ya chini. Kupampu kwa pedali hakutoshi. Jaza bomba la sindano oili mpya ya breki, uisukume kutoka chini kwenda juu, taratibu, huku mwenzako akiangalia tangi lisifurike. Kilomita mia chache za kwanza endesha kwa upole, bila kuondoka kwa fujo, kisha rudi chini ya gari na tochi ukague silinda ile na bolti za eksozi.