Mkataba wa haki ya kununua hisa: hukumu yake ni ipi?

SWALI: Assalamu alaikum, Sheikh. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni ya malori hapa Lubumbashi. Kwa simu nililipa dola 60 nikapata haki ya kununua hisa 100 za kampuni ya shaba kwa dola 40 kila moja, ndani ya miezi mitatu. Siku ile hisa ilikuwa dola 35. Muda ulipoisha ilikuwa imefika 45, nikapata faida ya dola 440. Sasa nina mkataba mwingine, na shemeji ananihimiza tuanze kuiuza mikataba hiyo badala ya kuinunua. Anasema si kamari, kwa sababu bei yake hupigwa kwa kanuni iliyopata Tuzo ya Nobel. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, nianze na hoja ya shemeji yako, kwa kuwa ndiyo iliyokutuliza moyo. Ni kweli kwamba mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukadiria bei ya opsheni, yaani haki ya aina uliyoinunua, na mwaka 1997 Scholes na Robert Merton wakatunukiwa tuzo hiyo. Hesabu nilizozizoea mimi ni za mirathi, lakini hii ilinilazimu kuipitia. Inataka mambo matano: bei ya hisa leo, bei iliyoandikwa katika mkataba, muda uliobaki, riba na mtikisiko wa bei, yaani ukubwa wa kupanda na kushuka kwake. Manne ya kwanza yanasomeka, la tano hukisiwa. Chukua mkataba wako wa kwanza: mtikisiko ukikadiriwa kuwa asilimia 30 kwa mwaka, ada yake ni kama dola 60, ukikadiriwa kuwa asilimia 60, hata kama hisa haikusogea senti moja, ada hiyo hupanda karibu mara nne. Kilichopanda thamani hapo si shaba wala kampuni, bali ni kule kutojulikana kwa kesho, na kwa hiyo kanuni ambayo shemeji yako anadhani imeondoa gharari, yaani kutojulikana kwa matokeo ya biashara, kwa kweli imeipangia bei tu.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Muslim, amekataza biashara ya gharari. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa opsheni, kama zinavyouzwa katika masoko ya dunia, hazijuzu, kwa kuwa kinachouzwa si mali, si manufaa, wala si haki ya kifedha inayoweza kulipiwa badali. Wapo wanazuoni wa zama hizi wenye rai tofauti, akiwamo Mohammad Hashim Kamali, nami naiheshimu hoja yao kwa mfanyabiashara anayekinga mali yake dhidi ya kubadilika kwa bei. Wewe hukuwa na hisa wala shaba ya kukinga.

Huenda ukauliza habari ya arubuni, yaani malipo ya awali ya kushikia bidhaa, kwani katika soko la Kenya hapo Lubumbashi mtu huiacha kwa magunia ya unga yaliyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na asiporudi huipoteza. Baraza hilohilo liliiruhusu mwaka 1993, kwa sharti kwamba muda uwekwe. Lakini arubuni ni sehemu ya bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa, na mnunuzi akirudi huhesabiwa. Dola zako 60 hazikuingia katika bei ya hisa yoyote, wala hukukusudia kuichukua hata moja.

Kuuza ni kubaya zaidi. Mnunuzi hupoteza ada yake basi, lakini muuzaji asiye na hisa hupokea ada ndogo na kubeba hasara isiyo na kikomo: hisa ile ingefika dola 70, angedaiwa 3,000 kwa ajili ya 60. Scholes na Merton haohao walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management, ambao miongoni mwa biashara zake uliuza opsheni kwa kutegemea masoko yatulie. Mwaka 1998 ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache, na kanuni waliijua kuliko shemeji yako. Tena Hakim bin Hizam alikatazwa na Mtume (S.A.W.) kuuza asichokuwa nacho, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi.

Mkataba uliobaki ufunge sasa, usichukue zaidi ya ulichokilipia. Kuhusu dola 440, baadhi ya wanazuoni humwachia aliyefanya bila kujua. Mimi naona ni salama zaidi uwape wahitaji, bila kuzihesabu kuwa sadaka yako. Zile 60 za mtaji ni zako.